Tarehe Iliyoandikwa Chini ya Barua

Kibali changu cha kumtembelea mdogo wangu gerezani kiliisha siku ya Jumanne. Mimi nilikuja kujua Jumamosi, nikiwa nimesimama dirishani, kitambulisho kimeshanitoka mkononi na mtoto amening'ang'ania sketi.

Tulikuwa tumeondoka nyumbani alfajiri, mabasi mawili kisha mwendo wa miguu. Mtoto ni wa mdogo wangu huyo huyo. Alikuwa na miaka sita, na jino lake la mbele lilikuwa linacheza. Njia nzima alikuwa analishikilia kwa ulimi lisije likatoka kabla baba yake hajaliona.

Askari wa dirishani alisoma kompyuta yake, akarudia tena kusoma. "Mama, jina lako halipo kwenye orodha." Nikamwambia naja hapa mwaka wa pili sasa, na yeye mwenyewe ananijua. "Kukujua nakujua," akasema, "lakini kibali kimeisha muda." Hakusema kwa ukali. Nilimwomba basi mdogo wangu aambiwe kwamba tumefika mpaka getini. Akajibu kuwa ujumbe wa mdomo haupelekwi ndani. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, nikasogea pembeni.

Yaliyotokea ndani siku hiyo niliyajua baadaye sana. Pale mfungwa hajui nani amemjia mpaka aitwe jina. Lakini mdogo wangu alijua ni Jumamosi yetu, ya kwanza ya mwezi. Alikuwa amenyoa ndevu. Usiku aliilaza sare yake chini ya godoro ili asubuhi iwe imenyooka. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Majina yakaitwa, wenzake wakatoka, wakarudi, mpaka saa za wageni zikafungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba tulikuwa mita mia mbili kutoka alipokaa.

Alipiga simu Alhamisi, siku yake ya simu. Alinisalimu shikamoo kama kawaida, akanyamaza, halafu akasema: "Dada, kama imekuwa mzigo niambie tu. Nitaelewa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike haya. Kwa mtu wa nje, kibali kilichoisha ni karatasi. Aliye ndani hana namna ya kujua kama ni karatasi iliyoisha au ni moyo wa nduguye uliochoka. Kwake vyote viwili vinafanana: jina halikuitwa.

Barua ya kibali cha kwanza nilikuwa nimeitunza vizuri, kwenye droo pamoja na vyeti vya nyumbani. Nilipoitoa jioni ile niliikuta tarehe ya mwisho imeandikwa chini kabisa, chini ya sahihi, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote. Miaka miwili. Ilipofika nilisoma neno "umekubaliwa", nikalia, nikaikunja. Sikumbuki kama macho yangu yaliwahi kushuka mpaka pale chini.

Nilijilaumu sana, na sehemu ya lawama ilikuwa yangu kweli. Lakini mpaka leo sikubali kwamba ni sawa kibali kife kimya kimya. Ofisi iliyoweza kunitumia barua ya kunikubali ilikuwa na anwani yangu na namba yangu ya simu. Mistari miwili ya kunikumbusha mwezi mmoja kabla ingetosha. Nimeongea na ndugu wa wafungwa wengi tangu wakati huo, wa magereza tofauti, na karibu kila mmoja alijua kibali chake kimeisha kwa njia niliyojua mimi: dirishani, siku ya kutembelea, safari ikiwa imeshafanyika.

Taratibu hazifanani. Kuna kwingine kibali hudumu mwaka mmoja, kwingine zaidi, na kwingine hakina mwisho ila jina hufutwa usipofika kwa muda fulani. Kuna mahali kibali humfuata mfungwa akihamishwa, na mahali ambapo kuhamishwa maana yake ni kuanza upya. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini siyo "kibali changu kipo?" Utajibiwa kipo, na keshokutwa kikawa hakipo. Uliza kinaisha tarehe gani, na ni mambo gani yanaweza kukifuta kabla ya tarehe hiyo.

Kosa langu la pili lilinigharimu zaidi kuliko la kwanza. Jumatatu nilijaza fomu upya, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho, nikaipeleka. Nikasubiri. Wiki ya tatu nikapiga simu, nikaambiwa "inashughulikiwa". Wiki ya tano, jibu lile lile. Nikafunga safari hadi getini kuuliza ana kwa ana, na pale kwenye benchi la kusubiria nikakaa karibu na mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa anatumikia mwaka wa tisa. Nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Wewe umepeleka yako. Yeye amepeleka yake?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba fomu ya mgeni ni nusu ya maombi. Nusu nyingine ni ya mfungwa mwenyewe, ambaye lazima aandike jina lako kwenye orodha ya watu anaotaka wamtembelee, maana ni haki yake kumkubali au kumkataa mgeni. Kibali kinapoisha, orodha nayo hufutika, na fomu yako inakaa mezani ikisubiri mwenzake. Hakuna atakayekuambia, kwa sababu kwa upande wa ofisi hakuna kosa lililotokea. Fomu haijakataliwa, ila haijakamilika.

Siku karibu arobaini zilikuwa zimekwenda. Mdogo wangu hakuwa ameandika jina langu kwa sababu hakujua. Na mimi kwenye zile simu za dakika kumi nilikuwa nampa habari za nyumbani na kumtuliza, sikuwahi kumwambia kwamba kuna karatasi inayomhusu. Nilikuwa nadhani namwondolea mzigo. Kumbe nilikuwa nimemnyima kazi pekee ambayo angeweza kuifanya yeye.

Alipoambiwa, alijaza fomu yake siku ile ile. Na sauti yake kwenye simu ilibadilika. Alikuwa na jambo la kufuatilia. Kila asubuhi alikuwa anamuuliza ofisa wa bweni lao kama orodha imepita.

Yule mama wa kwenye benchi alinifundisha na jambo la tatu. Kwenye fomu kuna sehemu inayouliza kama umewahi kukamatwa. Nikiwa kijana niliwahi kulala kituoni usiku mmoja kwa ugomvi wa majirani, nikaachiwa asubuhi bila kushtakiwa. Miaka miwili kabla nilikuwa nimeandika ndiyo na kueleza. Safari hii, kwa uchovu na kwa hofu ya kukataliwa, niliandika hapana. Nilijiambia lile halikuwa jambo. Mama akaniuliza: "Ya kwanza uliandikaje?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Wanaohakiki huweka fomu mbili pembeni kwa pembeni. Tukio la zamani ulilolieleza mwenyewe mara nyingi halikuzuii. Kinachokuzuia ni majibu mawili yasiyofanana, kwa sababu hapo unaonekana umedanganya, na kudanganya kwenye fomu kunaweza kukufungia mlango kwa miezi mingi kabla hujaruhusiwa kuomba tena.

Sikuwa na nakala ya fomu ya kwanza. Nilirudi dirishani, nikaomba kusahihisha, nikaandika maelezo kwa mkono wangu na tarehe. Karani aliyenihudumia siku hiyo alikuwa kijana mpole. Aliyapokea, akayagonga muhuri, na bila kuombwa akanitolea nakala. "Hii usiipoteze," akaniambia. Sijaipoteza. Ipo kwenye bahasha moja na kila karatasi iliyofuata.

Soma pia maneno ya swali lenyewe, usiyapite haraka. Kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa ni mambo matatu tofauti, na fomu moja inaweza kuuliza yote matatu kwenye mistari inayofuatana. Anwani iandike kama ilivyo kwenye uthibitisho utakaoambatanisha. Nilikuwa nimehama nyumba katikati ya miaka ile miwili, na fomu yangu ilisema mtaa mmoja huku karatasi zangu zikisema mwingine. Hilo peke yake lilirudisha maombi nyuma wiki mbili.

Mtoto alikuwa na kibali chake, na chenyewe kiliisha siku moja na changu. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Kichwani mwangu mtoto alikuwa anaingia kwa mgongo wangu. Ukweli ni kwamba alihitaji fomu yake, cheti cha kuzaliwa, na ridhaa ya maandishi ya mama yake, ambaye alikuwa ameshaachana na mdogo wangu. Kumwomba sahihi mara ya pili lilikuwa jambo gumu kuliko ofisi zote. Nilikwenda kwake jioni, nikakaa, tukaongea mengine kwanza. Mwishowe akasema mtoto amekuwa akiuliza, na hatamzuia kumwona baba yake. Akasaini. Namshukuru kwa hilo kila ninapolikumbuka, maana angekuwa na sababu zake za kukataa na hakuna ambaye angemlaumu.

Kuna usiku mmoja katika miezi hiyo nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nikaanza kusoma ili nijue kama tunachopitia kina jina. Nikazikuta Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015, zikiboresha kanuni za mwanzo za mwaka 1955. Ziko 122. Zimepewa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, na ambaye miaka ya mwanzo kule Robben Island aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila baada ya miezi sita. Nilipofika hapo niliweka simu chini kwa muda.

Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki zake kwa vipindi vinavyojulikana, kwa barua na kwa kutembelewa. Ya 43 inasema kumkataza mfungwa kuwasiliana na familia yake kusiwe adhabu. Kunaweza tu kubanwa kwa muda maalumu pale usalama na utulivu unapolazimu. Ya 60 inahusu upekuzi wa wageni: usiwe wa kudhalilisha, na mgeni anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote, ingawa hapo gereza linaweza kumnyima kuingia. Nilikuwa nadhani kutembelewa ni hisani anayofanyiwa mfungwa mwenye bahati. Kuikuta imeandikwa kama jambo linalomstahili kila mfungwa kulinibadilisha nilivyosimama dirishani. Niliacha kuongea kama mwombaji.

Nilisoma pia utafiti uliofanywa na Idara ya Magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2011. Waliwafuatilia wafungwa 16,420 walioachiwa kati ya 2003 na 2007. Waliowahi kutembelewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 13 wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Sikuhitaji takwimu ili nimpende mdogo wangu. Niliihitaji kwa ajili ya wale walioniambia napoteza nauli yangu bure.

Baada ya hapo nikaandika barua kwa mkuu wa gereza. Nilikuwa na rasimu ndefu yenye hasira, nikaichana. Iliyokwenda ilikuwa nusu ukurasa: majina yetu, namba ya mfungwa, tarehe ya kila fomu na muhuri wake, na maswali matatu. Ni kitu gani bado hakijakamilika? Faili liko kwa nani? Jibu litegemewe lini? Mwishoni nikataja kanuni ya 58 kwa mstari mmoja. Jibu lilikuja ndani ya siku kumi na moja. Naamini yale maswali matatu yalifanya kazi zaidi kuliko kanuni, kwa sababu barua ya malalamiko mtu anaweza kuiweka kando, lakini swali lenye tarehe linadai tarehe.

Miezi ile niliandika barua kila wiki. Kwa barua hakikuhitajika kibali. Barua mbili za kwanza zilichelewa, ya tatu ikafika kabla yake, na mdogo wangu akasoma mwendelezo wa habari asiyoijua mwanzo wake. Ndipo nikaanza kuziandika namba juu ya bahasha na juu ya ukurasa. Akipokea ya sita baada ya ya nne, anajua ya tano ipo njiani au imezuiwa, hakai akijiuliza kama nimeruka wiki. Mtoto naye alichora. Mchoro mmoja ulirudishwa kwa sababu alikuwa amebandika karatasi ya kumeta, na vitu vya kubandika havikuruhusiwa. Akachora mwingine kwa penseli.

Jino lilitoka wiki ya pili tangu ile Jumamosi. Alilihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti, akasema atampelekea baba. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hata tukiruhusiwa, jino halitapita kwenye mashine ya ukaguzi. La pembeni yake likafuata mwezi uliofuata. Nilikuwa naliangalia lile pengo kila anapocheka na kuhesabu siku.

Sasa nahuisha mapema, na naanza siku tisini kabla ya tarehe ya mwisho. Huanza yeye kuandika jina langu na la mtoto kwenye orodha yake na kunithibitishia kwa simu. Ndipo mimi napeleka fomu zetu, nimezijaza huku ile ya zamani ikiwa mezani mbele yangu. Siondoki dirishani bila nakala yenye muhuri. Siku mbili kabla ya safari yoyote napiga simu kuuliza kama majina yetu yapo na kama siku ya wageni haijabadilishwa, kwa sababu hata kibali kizima hakikusaidii gereza likifungwa kwa ukaguzi au mfungwa akiwa amepelekwa hospitali. Tarehe yenyewe nimeiandika sehemu tatu. Ya tatu ni ndani, ukutani kwake. Yeye ndiye hunikumbusha kabla yangu.

Bado kuna hatua inayonipa wasiwasi. Mtoto akifikisha umri wa utu uzima, kibali cha kitoto kitakoma na itabidi ajaze fomu kwa jina lake mwenyewe, ahakikiwe kama mtu mzima yeyote. Ni mbali, lakini nimeona kijana wa miaka kumi na minane akirudishwa getini wiki moja baada ya siku yake ya kuzaliwa, mama yake akaruhusiwa kuingia na yeye akabaki kwenye benchi. Nimeiandika tarehe hiyo pia.

Majina yetu yalirudi kwenye orodha mwezi wa nne tangu ile Jumamosi. Askari alikuwa yule yule. Akasoma kompyuta, akanirudishia kitambulisho, akasema, "Pitieni, mama." Tukaweka vitu kwenye kabati, tukavua viatu, tukapita kwenye mashine, tukakaa meza tuliyoonyeshwa. Kisanduku cha kiberiti kilibaki kabatini.

Mdogo wangu aliingia amenyoa, sare imenyooka. Alinisalimu kwanza, mikono yake ikitetemeka. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto, ambaye alikuwa amefumba midomo kwa nguvu. Meno mapya yalikuwa yameshaanza kuchomoza, makubwa, yenye ncha za mawimbi.

"Fungua nione," akamwambia.

Mtoto akafungua. Baba yake akaangalia kwa muda mrefu, akauliza lipi lilitoka kwanza, na mtoto akaanza kumweleza yote tangu ndani ya basi.